Televisheni Iliyomfunua Lipiko

Nilipaswa kusema kwamba imekwisha. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mkeka sebuleni kwangu Likombe, mchana wa Idd pili, macho yote kwenye kioo kilichogeuka buluu, na shangazi yake mke wangu akaniuliza, "Baba, ndiyo basi?" Rimoti ilikuwa mkononi mwangu na kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kuzimia. Nilijua kinachofuata baada ya ile buluu. Mle ndani hakuna mwingine aliyejua. Badala ya kumjibu kwamba ndiyo basi, nikasema, "Bado kuna kipande kidogo," nikaondoa kidole.

Sikulazimishwa na mtu. Nalisema hilo mapema, kwa sababu miaka mingi nilipolieleza jambo hili nilikuwa naliegemeza kwa wengine: fundi wa video, mpangaji wangu, hata ile televisheni yenyewe, kana kwamba ina akili.

Nilisoma hadi kidato cha nne, enzi ambazo kijijini kwetu, upande wa mdomo wa Ruvuma, mtu wa kidato cha nne alihesabika. Nikapata ukarani bandarini Mtwara, nikaoa kijijini, nikajenga Likombe. Katika miaka ya tisini watu walipunguzwa kazini, nami nikiwamo, nikarudi kwenye mikorosho kama wenzangu ambao hawakusoma. Hilo liliniuma kuliko nilivyoonyesha. Niliendelea kuvaa shati la mikono mirefu na kuweka kalamu mfukoni nikienda shambani.

Siku hizo watoto wangu walikwenda kutazama televisheni kwa jirani, dirishani, wamening'inia kwenye nondo. Jirani akichoka nao alifunga pazia. Jioni moja nikitoka msikitini niliwaona wamekaa chini ya lile dirisha wakisikiliza sauti tu, mmoja akiwaeleza wenzake anavyodhani picha inakwenda. Nikasema moyoni, msimu wa korosho ukikubali, nitanunua.

Msimu ulikubali. Nilikwenda dukani na mke wangu, mtaa ule wa karibu na soko ambako maduka yamebanana na vipaza sauti vinagombana. Nilikuwa nimepanga kununua televisheni na deki kando, kama za watu wengine. Muuzaji akatuvuta hadi pembeni, akatuonyesha kadude kadogo ka kijivu, kenye chogo nyuma, na chini ya kioo kana mdomo mwembamba.

"Mzee, hii ndiyo mkombozi," akasema. "Deki imo humo humo. Hutaki nyaya, hutaki fundi. Sidii unaielekeza hapa, inameza yenyewe."

"Na ikikataa kutema?"

"Ikikataa kutema niletee mimi, nitaitapisha."

Mke wangu aliinama akaikagua kama anayekagua kuku wa kununua. "Ndogo," akasema. "Kama kabati la panya."

"Ndogo ndiyo nzuri, mama. Kubwa zinamaliza ukuta."

"Ukuta wenyewe haujapigwa lipu, uishe mara ngapi?"

Tulicheka wote watatu, na nikainunua. Niliifunga kwenye baiskeli na boksi lake, nikaisukuma hadi Likombe nikiwa nimepita njia ndefu makusudi, ili walioko barazani waone boksi. Nyumbani niliiweka juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, na ile karatasi ya plastiki kwenye kioo sikuibandua. Ilikaa mpaka ikajikunja yenyewe pembeni.

Umeme wa Mtwara wakati ule ulikuwa wa mgao, na hata hivyo nyumba yangu ilijaa. Ukirudi umeme, watu walikuja bila kuitwa. Niliwakaribisha wote, nikakaa kwenye kiti changu na rimoti, na nakiri kwamba tangu nilipotoka bandarini sikuwahi kujiona mtu kama nilivyojiona nimeshika ile rimoti.

Hata mama mkwe wangu alikuja. Mtu wa kwetu ataelewa uzito wake. Mimi na mama mkwe wangu tulikuwa hatujawahi kukaa chumba kimoja. Akija kwangu, alikaa uani na binti yake; nikimkuta njiani, nilishuka kwenye baiskeli na kupita pembeni nikimwamkia macho chini. Hiyo ndiyo heshima. Lakini televisheni ilikuwa sebuleni na uani haionekani. Kwa hiyo alikubali kukaa mlangoni, kwenye ncha ya mkeka, ameupa upande nilipo mgongo nusu, uso kwenye kioo. Nilifurahi. Nililiona lile kuwa maendeleo.

Sasa nimseme shemeji yangu. Alikuwa kaka wa mke wangu, mkubwa kwake, na kwa sisi watu wa ukoo wa mama, kaka wa mke si mtu wa kusalimiana tu. Yeye ndiye mjomba wa watoto wako. Mtoto akienda jando, mjomba ndiye anayemsimamia. Kijana akitaka kuoa, mjomba anaulizwa kabla ya baba. Mimi niliwazaa wale watoto na kuwalisha, lakini walikuwa wa kwao, na mkubwa wa kwao alikuwa yeye.

Tena shemeji alikuwa lipiko. Nitaeleza kwa asiyejua. Jando likivunjwa na vijana wakirudi kutoka porini, hutoka mchezaji aliyefunikwa nguo kutoka shingoni hadi vidoleni, njuga kiunoni, na kichwani kinyago cha mti mwepesi kilichobandikwa nywele za mtu. Haongei. Si mtu huyo. Ni kitu kilichotoka kwa wafu. Anacheza, anatetemeka, ghafla anawafuata wanawake, nao wanakimbia wakipiga mayowe, wengine wanaanguka, kanga zinabaki vumbini. Wanawake na watoto hawatakiwi kujua ni nani yumo ndani. Wanaume waliopita jando wanajua, na hawasemi.

Shemeji alikuwa bora kuliko wote ukanda ule. Watu walivuka mto kutoka upande wa pili kuja kumwona. Alijifunza kwa mjomba wake, na alikuwa amekwisha kumtazamia mwanangu wa kiume, aje kukishika kinyago baada yake. Hakunitamkia, ila kila alipokuja kwangu alimwambia yule mtoto, "Hebu tembea nikuone," na mtoto alipotembea alimtazama miguu.

Ni mimi niliyemshawishi apigwe picha. Magomeni ya hapa Mtwara kulikuwa na kijana aliyekodishwa kupiga video za harusi. Nikamwambia shemeji, umri unakwenda, magoti yanakusumbua, wale watakaokuja baada yako wataona wapi namna ya kufunga zile nguo na kukaza kinyago kisicheze? Tukipiga picha uwanjani, tukapiga na kule kichakani mnakovalia, itabaki.

"Na nani ataiangalia?" akauliza.

"Wanaume tu, kwangu. Kwani nani mwingine ana mashine?"

"Ya uwanjani hata wanawake waone, wao wenyewe wamo. Ya kichakani hapana, shemeji."

"Shemeji, kwani mimi mtoto?"

Akacheka. "Wewe msomi," akasema. "Msomi ni mtoto mwenye kalamu." Lakini alikubali, kwa sababu aliniamini.

Kijana wa video alifanya kazi yake, akatuletea sidii moja. Uwanjani kwanza, halafu buluu kidogo, halafu kichakani. Tuliitazama wanaume watupu, milango imefungwa, shemeji akiwa amekaa kwenye kiti changu. Alijitazama akicheza kwa makini sana, bila kutabasamu. Ilipoisha akasema, "Kumbe bega la kushoto nalichelewesha." Kisha akaniachia sidii niitunze.

Wanawake walijua ipo. Kila wiki waliniomba: tuwekee ngoma, tuwekee ngoma tujione. Idd pili nikawawekea.

Kipande cha uwanjani kilikwenda vizuri mno. Walijitambua, wakapigana vikumbo. "Nitazame mimi ninavyokimbia, kama bata!" "Na kanga umeitupa!" "Sikuitupa, ilikimbia yenyewe!" Mama mkwe wangu alicheka hadi akashika mlango. Lipiko alipowageukia kwenye kioo, baadhi yao walishtuka kweli pale mkekani na kusogeleana, halafu wakachekana kwa kushtuka.

Mpangaji wangu, mwalimu kutoka bara, alikuwa amesimama dirishani na kikombe cha chai. "Mzee," akasema, "hivi ni kweli hawa mama hawajui ni nani yule?"

"Hawatakiwi kujua," nikamjibu.

"Karne hii?" Alisema kwa wema, akitabasamu. Hakukusudia ubaya.

Hapo ndipo ikaja ile buluu, na lile swali la shangazi, na kidole changu. Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nawaza nini. Nilitaka yule mwalimu asinione mtu wa porini. Nilitaka kuwa yule ndani ya chumba anayejua zaidi, aliyekwisha kuvuka mambo hayo. Na zaidi ya hilo, nilitaka kuona nyuso zao. Hiyo ndiyo kweli yenyewe, na ni ndogo na ya aibu. Nilikuwa na kitu cha kuwashangaza, nikashindwa kukaa nacho.

Kioo kikamwonyesha mzee mwembamba aliyevaa kaptula, amekaa kwenye gogo kichakani, anafungwa matambara magotini na vijana wawili. Anakohoa. Ananyoosha mkono kupewa maji kwenye kopo la plastiki, anakunywa, mengine yanamwagika kifuani, anajifuta. Kinyago kiko kando yake kwenye majani, kimelala kifudifudi. Halafu anakichukua, anakivaa juu ya kichwa bila kushusha kitambaa cha usoni, anageuka moja kwa moja kuelekea kamera na kusema jambo la utani kwa wale vijana, meno ya mbele hayapo.

Hakuna aliyepiga kelele. Kisha mmoja baada ya mwingine wakavuta kanga kufunika nyuso, kama wanavyofanya maiti inapopitishwa. Mama mkwe wangu alikuwa anamtazama mwanawe. Akainuka kwa kushika fremu ya mlango, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, asante kwa Idd," akatoka. Pilau lake lilikuwa bado jikoni.

Mke wangu alikwenda ukutani akachomoa waya.

Walipokwisha kuondoka wote, nilimkuta uani anaosha sahani. Nikasema neno ambalo nilidhani ni utetezi. "Kwani hamkujua?"

"Tulijua," akasema. "Mimi nilijua tangu sijavunja ungo. Mama ndiye aliyekuwa anashona zile nguo zikichanika, anaziacha nyuma ya nyumba, asubuhi hazipo. Ulidhani wanawake wajinga?"

"Sasa tatizo liko wapi?"

Alinyanyua uso. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Tutamkimbia vipi sasa?" akasema. "Akija, mimi nitamkimbia vipi?"

Akaziinamia tena sahani zake.

Jando lililofuata lilivunjwa kijijini mwaka uliokuja, wakati wa likizo za shule. Nilikwenda. Shemeji alikuwa amekwisha kusikia. Hapakuwa na njia ya kutosikia. Hata hivyo alitoka. Nadhani alitaka kuona kama bado inawezekana.

Alicheza vizuri. Ngoma zilikuwa zile zile, bega lake la kushoto sasa likiwa halichelewi. Kisha akawageukia wanawake, nao wakakimbia. Walikimbia mapema mno. Hajapiga hata hatua, wao wamekwisha kugeuka, wakipiga mayowe ya kupangwa, kama watoto wa shule wanaoimbishwa mbele ya mgeni. Walikuwa wanamsaidia. Hakuna mtu uwanjani ambaye hakuona kwamba wanamsaidia.

Alijaribu tena upande wa pili. Huko kulikuwa na bibi mmoja wa Kiyao, mtani wa ukoo wao, mwenye mdomo usio na breki. Hakukimbia. Alisimama mikono kiunoni akapaza sauti: "Nwacheni kwanza anywe maji! Nleteeni kopo lake nzee wa watu!"

Vicheko vililipuka. Hata wanaume walicheka kabla ya kujizuia. Mtani ana haki ya kusema lolote, na hakuna wa kumlaumu. Siku nyingine angesema jambo jingine tukacheka na kusahau. Lipiko alisimama katikati ya uwanja. Njuga zikanyamaza. Haruhusiwi kusema, haruhusiwi kukaa, haruhusiwi kujifunua, akawa amesimama tu, kinyago kimeelekea kwa yule bibi. Wapiga ngoma waliendelea kupiga, mmoja akapoteza mapigo, mwingine akamfuata. Halafu akageuka, akatembea hadi kichakani. Alitembea kama shemeji yangu anavyotembea, akichechemea kidogo goti la kulia, na kila mtu akamwona akichechemea.

Hakutoka tena.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nilimkuta shambani kwake anaotesha mihogo. Alinipa kigoda, yeye akakaa chini, akanimenyea muhogo, akaniuliza habari za barabara na kama baiskeli imekuja salama kwenye mchanga. Nikamweleza yote, hata lile la mwalimu, hata lile la kutaka kuona nyuso zao.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Uliniambia wanaume tu," akasema.

"Ndiyo, shemeji."

"Basi."

Nikadhani amemaliza. Kisha akasema, akiwa anatazama matuta yake, "Kijana wako mtafutie mtu mwingine wa kumsimamia. Mimi nikiingia jandoni sasa, wale watoto watamwona mzee anayekunywa maji. Siwezi kumtisha mtu, na asiyetisha hafundishi."

"Shemeji, huyo ni mpwa wako."

"Najua ni mpwa wangu. Kula muhogo."

Hapakuwa na mtu mwingine wa kumsimamia. Mjomba hachukuliwi mahali pengine kama kiti cha kuazima. Mwanangu nilimpeleka hospitali mjini akatahiriwa kwenye kitanda na shuka nyeupe, akarudi siku hiyo hiyo kwenye baiskeli. Wenzake wa rika walikaa porini, wakarudi na majina mapya na nyimbo zao. Walipokutana naye walimsalimia kwa jina lake la utotoni. Hawakumtukana. Walilitumia tu, kwa kuwa hakuwa na jingine.

Kinyago shemeji alikivusha mto, akawapa jamaa zake wa upande wa Msumbiji. Alifariki miaka kadhaa baadaye kwa kifua. Nilifika msibani mapema, nikakaa na wanaume. Wakati wa kuteua wapwa wa kushuka kaburini, wazee walisoma majina ya wana wa dada zake wengine. La mwanangu halikutajwa. Alikuwa amesimama karibu nami, suruali ameikunja tayari hadi magotini. Alisubiri mpaka walipokwisha kushuka, ndipo akaikunjua.

Siku hizi yuko mbali, ana mke na watoto, na hupiga simu siku za sikukuu. Hajawahi kuwaleta wanawe kijijini kwa ukoo wa mama yake. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa adabu, "Baba, nitawapeleka kwa nani?"

Ndiyo maana naandika tu ilivyokuwa. Nilivunja ahadi niliyompa shemeji yangu kwa sababu nilitaka kuonekana mtu wa maana mbele ya wanawake na mpangaji mmoja. Shemeji aliacha kucheza na hakukanyaga tena nyumbani kwangu. Mama mkwe wangu hakula tena chakula changu hadi alipokufa. Mke wangu tuliishi naye miaka yote iliyobaki, akanipikia na kuniuguza, lakini jambo lolote la kwao hakuniambia tena, na mimi sikupata ujasiri wa kumuuliza. Na mwanangu alikosa mjomba akiwa na mjomba aliye hai. Nilimnyang'anya mimi, baba yake.